Tundu Lililokwenda Upande

Tarehe 6 Machi

Mvua ya kwanza leo. Gundi haishiki. Kila mwaka ni hivi hivi: mvua ikianza tu, mtaa mzima unagundua kwa pamoja kwamba viatu vyao vimefungua midomo, wote wanakuja kwangu siku moja na wote wanavitaka leo leo. Nimewaeleza kwamba soli ikiwa na unyevu gundi haikai hata ukiibembeleza. Wakaitikia kwa vichwa, kisha wakauliza, "Kwa hiyo nije saa ngapi?"

Naandika kwa sababu Wifi ameniletea daftari. Yeye ni mke wa kaka yangu, au alikuwa, sijui siku hizi tuseme nini. Kaka alifariki mwezi wa kwanza. Alirudi kutoka kukimbia asubuhi, akaketi ngazini avue viatu, akavua kimoja. Moyo, walisema. Wifi anadai siku hizi siongei, na mtu asiyeongea huvunda kwa ndani kama soksi ndani ya buti. Nilimwambia sina la kusema. Akasema, "Basi liandike hilo hilo."

Nimeliandika.

Tarehe 7 Machi

Mvua. Visigino vingi. Mama hakugusa chakula.

Tarehe 10 Machi

Asubuhi nilivaa viatu vya kukimbilia nikatoka. Sikuwa nimepanga. Viatu ni vyangu, nilivinunua zamani Kaka aliponishawishi tukimbie pamoja. Nilienda naye mara mbili, kisha nikamwambia kazi yangu ni kutengeneza viatu, si kuvimaliza.

Saa ni yake. Wifi alinikabidhi baada ya mazishi, ameifunga kwenye leso. Ni zile saa za wakimbiaji, chini zina taa ya kijani inayoitazama damu ngozini na kuhesabu mapigo ya moyo. Mkanda wake nilimtengenezea mimi. Ule wa mpira ulikuwa umekatika, akaja akaketi juu ya meza yangu ya kazi kama kawaida yake, makalio juu ya misumari yangu, nikamkatia ngozi ya mkoba wa zamani. Nikatoboa matundu matatu kwa msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi. Mawili yamekaa sawa. La tatu limekwenda upande, kwa sababu nilipokuwa nalitoboa yeye alikuwa anamwigiza Mama akigombana na kuku kwa adabu: "Bibie, nakuomba, jikoni si kwako, tusivunjiane heshima." Nikacheka, mkono ukateleza. Nikataka kumkatia mkanda mwingine, akakataa. Tangu hapo akawa anaifunga saa kwenye tundu hilo la upande, siku zote. Alisema mengine ni matundu tu, hili ni lake.

Mkono wangu ni mwembamba. Lile la upande ndilo linalobana kuliko yote, na bado saa inanicheza mkononi kama bangili. Nyuma yake ngozi ni tupu hadi kwenye saa yenyewe. Sijatoboa lingine.

Nilikimbia hadi kwenye tangi la maji na kurudi. Polepole sana, mwenye baiskeli mmoja alinipita akaniuliza kama kuna tatizo. Saa ilisema mia moja sitini na nane. Mimi mwenyewe sikusikia kitu, si uchovu, si raha.

Tarehe 13 Machi

Nimekimbia. Mia moja sitini na tisa, kwenda na kurudi, kilima na bonde.

Tarehe 17 Machi

Kinyozi ameiona. Chumba chake na changu vimetenganishwa na ukuta mmoja mwembamba, ananisikia nikipiga misumari nami namsikia akiwaongopea wateja kwamba upara ni dalili ya akili. Nilikuwa nimetoka kukimbia moja kwa moja kuja kazini, nimelowa.

"Fundi, siku hizi unamkimbia nani?"

"Wewe."

"Basi hujafika mbali." Akaushika mkono wangu, akaigeuza saa, akasoma. Akasoma tena. "Hii ndiyo uliyokimbia nayo? Mia moja sabini na moja? Dada, huo si moyo, hiyo ni cherehani."

Akatoa simu, akapekua, akanieleza kwamba mwanamke wa umri wangu akikimbia kwa mwendo wa konokono kama wangu hapaswi kufika huko, huko ni kwa mtu anayekimbizwa na nyati. Alikuwa anacheka. Halafu akamkumbuka Kaka, maana ndiye aliyekuwa anamnyoa, na kicheko kikamkauka kinywani.

"Nenda hospitali, dada. Bila utani."

"Nitaenda."

"Na huo mkanda, fundi mzima unatembea na mkanda umelegea kama suruali ya mlevi? Si utoboe tundu?"

"Mganga hajigangi."

"Ajigange tu, nani anamwona?"

Nilimwambia ana mteja. Kweli alikuwa naye, na povu limekwisha kumkauka shingoni.

Tarehe 18 Machi

Sikukimbia, mvua ilikuwa kubwa. Nimekaa na saa. Nikikaa inasema sabini na kitu, kama ya mtu yeyote. Nikianza tu kukimbia inaruka huko juu na kubaki hapo hapo.

Niandike ukweli, maana daftari hili Wifi ameapa hatalisoma. Sikuogopa. Kinyozi aliponisomea ile namba nilisikia kitu kinachofanana na furaha, kwa mbali, kama redio ya jirani.

Siku ya mazishi sikulia. Nilisimama nikatazama viatu vya watu. Nakumbuka vyote: nani alikuja na soli zimeachia, nani alivaa vya mtu mwingine, na Mama kavaa kimoja cheusi na kingine cha buluu iliyokolea bila mtu yeyote kumwambia. Watu walilia hadi wakashikiliwa. Mimi nilifikiri kuhusu uzi. Tangu siku ile nasubiri kilio kama mtu anayesubiri mteja aliyeacha viatu na hakurudi. Sasa saa inasema kuna kitu ndani kinakwenda mbio. Yaani kipo. Nililia sehemu nisiyoiona.

Tarehe 22 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nilikimbia humo humo. Mkanda umelowa na ngozi ikilowa hulegea, kila fundi anajua. Saa imeteleza hadi kwenye kifundo cha mkono, ile taa ya kijani nikaiona ikichungulia pembeni. Mia moja sabini na nne. Imepanda.

Wifi alinikuta mlangoni, mimi nachuruzika maji.

"Unatafuta nini huko, wifi yangu?"

"Hewa."

"Hewa ipo hata barazani."

Alinipa taulo. Nimegundua viatu vyake vinaisha kisigino cha kulia siku hizi. Zamani viliisha sawasawa. Ni kama mtu aliyezoea kumwegemea mwenzake upande mmoja, na mwenzake hayupo. Sikumwambia. Nilivichukua nikavitia kisigino kipya.

Tarehe 25 Machi

Mwalimu wa hesabu amerudisha viatu mara ya tatu. Nimemwambia asivianike juu ya jiko. Amesema hakuvianika juu ya jiko. Vinanuka moshi.

Tarehe 29 Machi

Mama amejua. Mdomo wa Kinyozi hauna kufuli, nilipaswa kulijua hilo. Mama alipita kwake kuuliza kama nimefungua, naye akamtuliza kwa kumwambia asiwe na wasiwasi, siku hizi mtu anaweza kuishi miaka mingi na moyo mbovu.

Nilimkuta uani anaanua nguo, mawingu yameshaanza. Alikuwa anazivuta kwenye kamba bila kutoa vibanio, vinaruka huku na huku.

"Ni kweli?"

"Nini, Mama?"

"Usinifanye mtoto. Hiyo saa inasemaje?"

Nikamwambia ni mashine tu. Akasema na Kaka alisema ni mashine tu. Kaka hakuwahi kusema hivyo, lakini siku hizi Mama anamtia Kaka maneno mengi mdomoni na mimi simkatalii. Nikaokota vibanio.

"Viatu hivyo hutavivaa tena. Umenisikia? Nimezika mmoja. Wa pili simziki. Mtanizika mimi kwanza."

"Sawa, Mama."

"Sawa, Mama! Kila kitu sawa, Mama!" Akatupa shuka chini, kwenye tope, shuka jeupe. "Unaniangalia na hayo macho yako makavu. Kaka yako tunamfukia, watu wazima wanagaagaa chini, wewe umesimama kama nguzo ya umeme. Wameniuliza watu. Nikawaambia ana mshtuko. Mwezi wa ngapi huu? Mshtuko gani usioisha? Au hukumpenda?"

Wifi alikuwa ametoka mlangoni. Alisema, "Mama, jamani," kwa sauti ndogo, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Nilitaka kukasirika. Niliingojea hasira ifike na haikufika. Nikanyoosha mkono tu. Saa huweka kumbukumbu ya kila mbio, ukibonyeza unaona mstari mwekundu ukipanda na kukaa juu kama tambarare. Nikabonyeza.

"Tazama hapa. Nimejaribu kulia nimeshindwa, Mama. Nimekaa hadi chooni nikajifinya. Lakini hii ni asubuhi ya leo. Nilikuwa nakimbia mwendo wa bibi kizee na ona kinavyokwenda. Macho hayatoi kitu, kilio kiko huku chini. Sasa unaniuliza kama nilimpenda?"

Sijawahi kusema maneno mengi hivyo tangu mwezi wa kwanza. Mama aliushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Akausogeza karibu na macho, maana haoni vizuri. Mvua ikaanza na hakuna aliyesogea. Nguo zikalowa upya.

"Basi kitakuua," alisema, kwa sauti ya chini kabisa. "Mwanangu, basi hicho kilio kitakuua."

Tarehe 30 Machi

Viatu vya kukimbilia havionekani. Mama anasema hajui. Ufunguo wa sanduku lake ameufunga kwenye pindo la kanga.

Tarehe 2 Aprili

Nimekimbia na viatu vya kazini. Malengelenge. Mia moja sabini na tatu.

Kuna jambo limebadilika nyumbani. Nikiingia, Mama na Wifi wananipisha. Chai yangu inawekwa karibu. Mama ananipaka mafuta mgongoni, mimi mtu wa miaka arobaini na moja, naye hajafanya hivyo tangu nilipougua surua. Jirani aliyekuwa hanisalimii sawasawa tangu mazishi alinishika bega jana akasema, "Pole sana, kila mtu ana namna yake." Kwa mara ya kwanza wananitazama kama mtu aliyefiwa.

Sitaki hilo liondoke. Nimeliandika ili nisijidanganye.

Tarehe 4 Aprili

Wifi amepata nafasi hospitali, tarehe tisa. Alikuja kunieleza kazini, akaketi kwenye kiti cha wateja. Hakuketi juu ya meza. Hakuna anayeketi juu ya meza.

"Unaogopa?" aliniuliza.

"Hapana."

"Mimi naogopa." Alikuwa anachezea kiatu cha mtu, anakivuta ulimi. "Yeye aliketi pale ngazini akaniambia niletee maji, nikamwambia simama ujichotee, sina watumwa hapa. Ndivyo tulivyokuwa tunataniana. Sasa wewe ukiniambia unataka maji naweza kuangusha nyumba."

Nilimshika mkono. Ulikuwa wa moto. Niliujua ni wa moto kama unavyojua bei ya kitu dukani.

"Saa nilipaswa kukupa au la?" akauliza. "Niambie tu."

"Ulifanya vizuri."

Alifuta macho akatazama mkanda, akauliza mbona umelegea hivyo. Nikasema nitatoboa kesho.

Tarehe 5 Aprili

Sikutoboa.

Tarehe 9 Aprili

Hospitali. Tulikwenda mimi na Wifi. Mama alitaka kuja, tukamwacha na kazi ya kuwapokea wateja wangu, maana akikosa cha kufanya atafika mwenyewe kwa miguu.

Daktari ni kijana mpole, soli zake zimeisha upande wa nje, anasimama sana. Aliniuliza kuhusu Kaka. Wifi alijibu. Alinisikiliza kifua, akanipaka mafuta baridi akautazama moyo kwenye kioo cha mashine, akatuonyesha. Kilikuwa kitu cha kijivu kinachofungua na kufunga. Wifi alikitazama kama anayetazama mtoto mchanga. Mimi nilikitazama nikafikiri: ndiwe.

Halafu wakanibandika waya kifuani wakanipandisha kwenye mashine ya kukimbilia, ule mkanda mweusi unaokwenda chini ya miguu na wewe unabaki hapo hapo. Muuguzi alitaka nivue saa. Nikakataa. Daktari akasema iache, tulinganishe.

Nikakimbia. Mashine ikasema mia moja thelathini na nne. Saa ikasema mia moja sabini na mbili.

Daktari akamwambia muuguzi akague waya. Muuguzi akabandua, akabandika upya. Nikakimbia tena. Mia moja thelathini na sita. Saa, mia moja sabini na mbili.

"Dada, hebu piga hatua fupi fupi. Mwendo ule ule, ila hatua za haraka, kama unakanyaga mchanga wa moto."

Nikapiga. Saa ikapanda hadi mia moja themanini na nne. Mashine haikusogea. Daktari alikuwa anagonga kalamu mezani, na baada ya muda nikasikia kwamba anagonga pamoja na miguu yangu. Akatabasamu. Akasimamisha mashine, akaushika mkono wangu, akaisukuma ile saa kwa kidole kimoja. Ilikwenda hadi karibu na kiwiko ikarudi.

"Imelegea mno. Hii taa inatakiwa ilale juu ya ngozi iione damu. Ikiwa inarukaruka haioni damu, inaona kule kuruka kwake tu. Na inaruka kila unapokanyaga." Aligonga tena kalamu, mara mbili tatu. "Ilikuwa inahesabu miguu yako. Moyo wako haijawahi kuuhesabu ukikimbia."

Wifi alipiga vigelegele humo humo ndani. Wagonjwa wa nje wakachungulia.

"Una hakika?" nikauliza.

"Kwa kawaida watu huniuliza hivyo nikiwapa habari mbaya," alisema daktari. "Una moyo mzuri sana, dada. Umetulia. Kilichompata kaka yako hakimo humu. Wewe kaza mkanda tu."

"Hauna tundu la kwangu."

"Mpelekee fundi viatu atoboe, ni kazi ya dakika moja."

Wifi akaangua kicheko hadi akashika ukuta. "Ndiye huyu!" alisema. "Daktari, fundi viatu mwenyewe ndiye huyu!" Daktari naye akacheka, muuguzi akacheka, nami nikaonyesha meno ili tuwe wote. Nilikuwa bado nimebandikwa waya. Nilitazama kile kioo. Moyo wangu ulikuwa unakwenda polepole humo, umeridhika, kama mtu asiyejua kwamba kuna msiba.

Tarehe 9 Aprili, bado

Mama alikuwa mlangoni kwangu kazini, amekalia ndoo, viatu vya watu amevipanga kwa rangi. Wifi alianza kupaza sauti tukiwa mbali. Mama aliinuka, akakaa, akainuka. Alinikumbatia kwa nguvu. Alilia akicheka, kanga ikamdondoka, Kinyozi akatoka na mkasi mkononi akauliza nani kafa, kisha akaelewa akajipiga kofi mdomoni.

"Na ile namba?" Mama aliuliza baadaye. "Ile ya juu?"

"Ilikuwa miguu."

"Miguu?"

"Ilikuwa inahesabu miguu yangu, Mama. Kwa sababu mkanda umelegea."

Alinitazama. Nilijua anakumbuka uani, mimi nimenyoosha mkono. Sikuona hasira usoni pake, wala swali. Akasema, "Mungu ni mkubwa," akaenda nyumbani. Aliporudi alikuwa na viatu vyangu vya kukimbilia. Amevipaka rangi nyeusi ya viatu, vya kitambaa vile, hadi kwenye kamba. Alitaka nivikute vinang'aa.

Nikamwambia vizuri sana.

Nimeona aibu. Hilo nimelisikia, halikuwa mbali. Nilimnyooshea mama yangu miguu nikidhani namwonyesha msiba wangu.

Tarehe 10 Aprili

Sikukimbia.

Tarehe 11 Aprili

Sikukimbia. Mvua nyembamba. Chai inawekwa pale pale ilipokuwa inawekwa zamani.

Tarehe 15 Aprili

Jirani ameacha kunishika bega. Sasa ananipongeza.

Nimeivua saa. Mkanda umekauka ukiwa umejikunja. Mkunjo ni mkubwa kuliko mkono wangu, ni wa mkono wake. Kwenye tundu la upande ngozi imevutika na kuwa nyeusi kwa jasho, lake na langu kidogo. Kama ningempa mteja ushauri ningemwambia: dakika moja, keti hapo. Nimetoboa mikanda ya nusu ya mji huu, walionenepa na waliokonda. Huu siuwezi. Nikiutoboa utakuwa wangu. Ukiwa wangu, basi si wake tena, na hatarudi kuuchukua.

Nimeandika upumbavu lakini ndivyo nilivyofikiri tangu siku ile ya kwanza.

Tarehe 19 Aprili

Mwalimu wa hesabu, mara ya nne. Moshi.

Tarehe 22 Aprili

Wifi alikuja na mkate, tukala kazini. Hakuniuliza kitu. Halafu akasema, "Jana nimesahau sauti yake. Kwa muda tu, kama saa nzima. Nikawa namtafuta kichwani simpati. Unajua kilichomrudisha? Kuku wa jirani aliingia jikoni."

Akasema, "Bibie, nakuomba."

Aliigiza vibaya. Yeye hajui kuigiza. Lakini nilisikia kitu kikisogea kifuani, kidogo, kama kabati zito linaposukumwa na mtu mmoja.

Tarehe 26 Aprili

Jua. Mvua imekwisha, au imechoka. Gundi inashika. Nimebandika soli sita asubuhi na zote zimekamata, hata za mwalimu.

Mchana hakukuwa na wateja. Niliitoa saa mfukoni, nikauweka mkanda juu ya gogo la kupigia. Nikapima mkononi, nikaweka alama kwa ukucha. Nikachukua msharasi ule ule. Nilikaa nao hivyo kidogo nikitazama ile sehemu ya meza aliyokuwa anakalia. Misumari yangu yote ilikuwepo, imejipanga, hakuna iliyopinda kwa kukaliwa.

Nikapiga nyundo mara moja.

Tundu lilitoka vizuri. Mduara mzima, katikati kabisa, limenyooka kama la kiwandani. Nikaliweka kwenye mwanga nikalitazama, nikalitazama na lile jirani yake la upande. Sijawahi kutoboa tundu zuri kama lile. Hakuna aliyekuwa ananichekesha.

Nikalia. Nililia vibaya, kwa sauti, mdomo wazi, kamasi zikidondoka juu ya ngozi, nimekishika kile kijimkanda kwa mikono miwili. Kaka yangu amekufa. Nililisema kwa sauti, nadhani mara nyingi.

Kinyozi alitokea mlangoni anahema, mkasi mkononi, nyuma yake mteja amenyolewa upande mmoja.

"Fundi! Umejitoboa?"

"Hapana," nikamwambia. Nikamnyooshea mkanda. "Limenyooka."

Hakuelewa. Aliutazama, akanitazama. Alirudi kwake akapandisha sauti ya redio juu kabisa, watu wasinisikie, akaiacha hivyo hivyo mpaka nilipomaliza.